Kinga ya Mama Joakim

Mzee Xaveri wa Maguu alikuwa na mdomo, na hilo halikuwa siri kuanzia kijijini kwake hadi Mbinga mjini. Kilichokuwa siri ni kwamba kwa miaka mingi mdomo ule ulikuwa na breki, na breki yenyewe ilikuwa vidole viwili vya mkewe, Walburga.

Ilikuwa hivi. Xaveri akienda kwenye mkutano wowote, uwe wa ushirika wa kahawa, wa jumuiya ndogondogo au wa kusuluhisha mpaka wa shamba usiomhusu ndewe wala sikio, Walburga alikaa ubavuni kwake kimya, macho mbele, kama mtu anayesikiliza Injili. Xaveri akijiinua kidogo kwenye kiti na kutamka lile neno lake, "Mimi ninachojua," vidole vya Walburga vilipenya taratibu chini ya koti, vikatafuta nyama laini iliyo juu ya kiuno, vikaifinya. Xaveri alikohoa, akasema, "Lakini nisiseme mengi," akakaa. Hakuna aliyeona kitu. Wengine walimsifu kwamba ni mtu anayejua kupima maneno, na akapewa hata uongozi, jambo ambalo Walburga alilijutia kwa sababu mikutano iliongezeka.

"Mama Joakim, siku moja utaning'oa nyama," Xaveri alilalamika wakirudi nyumbani.

"Nyama inaota tena," Walburga alimjibu. "Neno likitoka halirudi."

Basi waliishi hivyo, wakalea, wakachuma kahawa, mpaka kipupwe kimoja vidole vya Walburga vilipoanza kuvimba. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: viungo vimekakamaa, kikombe hakishikiki, kifungo cha gauni kinamshinda. Watu wakadhani ni baridi ya Maguu, ambayo kweli haina huruma. Lakini jua la Septemba likaja na vidole havikushuka. Sasa ujue kwamba huku milimani mwanaume kazi yake ni kufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba kwenye mteremko. Anayechimba shimo na kuzifukia nyasi zile kwa udongo, mpaka mlima mzima ukawa na mashimo ya ngoro, ni mwanamke. Ngoro za Walburga zilikuwa zimenyooka hata mabwana shamba walikuwa wakileta wageni kuzitazama. Mwanamke wa namna hiyo asipoweza kufunga mkono kwenye mpini, nyumba nzima inayumba.

Xaveri akampeleka hospitali. Walburga akapimwa, wakasubiri, wakaitwa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani.

"Mzee, mama hana mdudu yeyote," alisema. "Hii ni baridi yabisi inayotokana na kinga yake mwenyewe. Kinga yake inafanya kazi kupita kiasi, inashambulia viungo."

Daktari aliendelea kueleza kwa kirefu, lakini Xaveri alikuwa ameshaondoka, yaani mwili ulikuwa pale kwenye kiti ila akili ilikuwa njiani inaelekea Maguu kutangaza. Kinga kupita kiasi. Yeye mtu aliyeishi miaka ambayo redio, mabango, manesi na mapadri waliimba wimbo mmoja tu, kinga imeshuka, pandisheni kinga, leo anaambiwa kwamba chini ya bati lake mna mwanamke ambaye kinga imemjaa mpaka inamwagika.

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na habari. "Mke wangu," Xaveri alisema kilabuni, ameweka mkono kifuani, "amepimwa. Kinga yake imepita kipimo. Daktari mwenyewe alitikisa kichwa."

Ikawa taabu. Mama mmoja alileta mtoto wake mwenye kikohozi ili Walburga amshike japo kidogo, na Walburga, ambaye hakuweza kushika hata kijiko, akashikishwa mtoto mnene wa miezi minane. Kuna waliotaka kunywea kikombe chake. Pankras, jirani yao wa karibu, ambaye kuku wake walikuwa wanakufa kwa mdondo, alikuja akiwa amevua kofia kuuliza kama Mama Joakim angeweza kupita bandani, asiguse kitu, apite tu.

"Atapita," Xaveri aliahidi.

Walburga alipita. Kuku wakaendelea kufa, na Pankras akasema pengine kinga ya mtu haielewani na ya kuku.

Tatizo lilikuwa vidonge. Daktari alitoa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akaagiza mgonjwa arudi kupimwa damu, na akasema wazi kwamba kazi ya dawa ile ni kuituliza kinga, kuishusha kidogo. Hapo tu ndipo Xaveri aliposikia vizuri.

"Kuishusha," alisema walipofika nyumbani. "Mungu amekupa, mtu mwenye miwani akunyang'anye. Mimi ninachojua, kinga haishushwi. Ukishusha kinga unakaribisha kila balaa linalopita barabarani. Hivi vidonge nitavifungia mimi."

Walburga alinyoosha mkono kumfinya. Vidole havikufunga. Viligusa koti, vikateleza, vikarudi mapajani. Xaveri hakuhisi chochote, na kwa kuwa hakuhisi chochote akajua amekubaliwa. Akatia vidonge ndani ya kasha la kuwekea vifaa vya kahawa, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautungia uzi na kuuvaa shingoni pamoja na rozari.

Badala ya vidonge akaanza lishe. Uji wa ulezi asubuhi, kitunguu saumu kibichi mchana, unga wa mlonge juu ya kila kitu, asali, tangawizi, maini. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe na kwa upendo wa kweli, tusimsingizie. Kila alipoona vidole vimevimba zaidi alifurahi moyoni kwamba kinga inapanda.

Na mdomo, masikini, ulikuwa hauna tena wa kuushika. Kwenye ushirika alimwambia katibu kwamba ana akili ya kuhesabu ndizi, si magunia. Kwenye jumuiya alimwambia katekista kwamba akiimba mbuzi hujibu. Kila alipomaliza alisubiri kidogo, kwa mazoea, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme amina. Lakini ubavu ulikuwa kimya. Akaendelea. Hadi kufika Krismasi nusu ya Maguu ilikuwa haimwamkii.

Januari, mvua zikinyesha na tope limejaa uani, alifika msichana mmoja nadhifu amebeba kisanduku cha plastiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema shida yako."

"Natoka chuo kikuu, baba. Tulikutana na mama kule hospitali, akakubali kutusaidia damu kidogo kwa ajili ya utafiti wetu wa kinga. Lakini kabla ya hilo, mimi ni—"

Hakumaliza. Xaveri alikuwa ameshaelewa yote. Habari za utajiri zimefika mjini na wanyonyaji wameanza kuja.

"Damu," alisema. "Mmesikia imezidi, mnakuja kupunguza mkawauzie watu wa Dar es Salaam. Mimi ninachojua, mwizi wa siku hizi anavaa vizuri." Akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta.

Hakumpiga, na hata asingempiga. Lakini mgeni hakuwa na njia ya kujua hilo. Alikimbia kupita katikati ya mibuni, kisanduku kinagonga mguu, na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Xaveri alikitundika kwenye nguzo ya ua ili wengine wajifunze.

Walburga alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Aliita mara mbili, "Baba Joakim," sauti ikamezwa na kelele za mumewe. Baadaye alikitungua kile kiatu kwa viganja viwili, akakiosha, akakiweka ndani.

"Unakihifadhi cha nini?" Xaveri aliuliza.

"Kitu cha mtu hakitupwi," alisema Walburga.

Haukupita mwezi, mtoto wao Joakim, mwalimu kule Songea, akapiga simu kukumbusha habari ya posa. Msichana alikuwa binti wa Mzee Cuthbert wa Mbamba Bay, mwenye mitumbwi. Joakim alikuwa ameshaeleza tangu mwaka uliopita kazi anayofanya mchumba wake, lakini Xaveri alisikia neno "Mwanglikana" akaanza hotuba, na mengine yote yakapita juu. Jina lake, Glorious, alilisikia. Alilikumbuka kwa sababu lilimkera.

Kwa desturi baba wa kijana hubaki nyumbani, akatuma wazee. Xaveri alisema hawezi kutuma mdomo wa mtu mwingine wakati wake ni mzima. Pankras, aliyechaguliwa kuwa mshenga, alimsihi njia nzima gari likishuka kutoka milimani, hewa ikizidi kuwa nzito na ziwa likianza kuonekana chini kule, la buluu mpaka upande wa pili.

"Mzee mwenzangu, leo wewe ni bubu," alisema Pankras. "Nitasema mimi. Wewe tabasamu."

"Nitatabasamu."

Walburga alikaa nyuma, mkoba mapajani.

Walipokelewa kwa heshima. Sebule ya Mzee Cuthbert ilikuwa imefagiliwa, mbasa, wale samaki wakubwa wa ziwani, wameshakaangwa, harufu imefika hadi barabarani. Mzee Cuthbert mwenyewe alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kusubiri. Wakazungumza Kiswahili kwa sababu Kimatengo na Kinyasa havikutaka kuanza kushindana mapema. Pankras akatoa maneno yake mazuri ya kuomba jiko, Xaveri akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na mambo yakawa yanakwenda kama maji mteremkoni.

"Basi binti aitwe," alisema Mzee Cuthbert, "tumuulize kama anawafahamu wageni. Akisema hawajui, mle samaki wenu mwende salama."

Binti akaingia, kanga kichwani, akapiga magoti.

"Mwanangu, unawafahamu watu hawa?"

Glorious akainua uso. Xaveri aliona uso ule, na tabasamu likabaki mdomoni peke yake, mwenyewe hayupo.

"Mama ninamfahamu, tunaongea kwa simu," alisema binti kwa adabu. "Mzee huyu wa kando simjui. Na baba ninamfahamu. Nilimtembelea Januari, akanisindikiza."

"Vizuri sana," alisema Mzee Cuthbert. "Akakusindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani, baba. Mbio. Alikuwa na mpini wa jembe."

Walburga akafungua mkoba kwa viganja, akatoa kiatu kisafi kabisa, akakiweka mezani karibu na sahani ya mbasa.

Kwa mara ya kwanza Xaveri aliona kwamba mkewe alijua kila kitu, kwamba vidole vilipomshinda aliamua kuiachia aibu ifanye kazi. Lakini wazo hilo lilipita haraka, kwa maana nyuma yake ulikuwa unakuja mdomo. Aliuhisi unapanda. Angesema kwamba mtu akija kwa watu na kisanduku ajitambulishe vizuri. Angesema kwamba huko ziwani labda damu ya mtu ni kitu cha kuomba kama chumvi. Alijiinua kwenye kiti.

"Mimi ninachojua," alianza, na Pankras akafumba macho.

Kitu kikamgusa ubavuni. Chepesi, kama nzi. Nusura akipige. Akatazama chini.

Ulikuwa mkono wa Walburga. Vidole vimevimba kwenye mafundo, vimeanza kuegemea upande, ngozi imevutika inang'aa. Vilikuwa vinajaribu kufunga kwenye shati lake. Vilifika, vikateleza, vikarudi tena. Walburga mwenyewe alikuwa ametazama mbele kama siku zote, ila jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba na midomo ameibana kwa maumivu. Xaveri alikuwa ameilisha mikono ile kitunguu saumu kila siku na hakuwa ameitazama hata siku moja. Sasa aliitazama, akaogopa. Hakuwaogopa wakwe wala aibu ya kiatu. Aliogopa kwamba vidole vile havitamfinya tena maishani mwake, na kwamba ni yeye aliyevifungia vile vidonge.

Akakaa. Pankras alifumbua jicho moja kuona kama amekufa.

"Mwanangu," Xaveri alisema hatimaye, kwa sauti ambayo watu wa Maguu hawaijui. "Ile damu ulikuwa unaitafutia nini?"

Glorious alimtazama baba yake, baba yake akakubali kwa kichwa. Akakaa vizuri kwenye mkeka.

"Baba, ndani ya damu mna seli za kinga. Ni walinzi. Kila mlinzi anapata maagizo kutoka ndani yake mwenyewe: tengeneza hiki, vimbisha pale, shambulia. Agizo hutolewa nakala, nakala ikisomwa, kazi inafanyika. Sasa kuna vipande vidogo mno vinavyoitwa maikro-RNA. Havijengi kitu, havipigani na mtu. Kazi yao ni kuikamata ile nakala kabla haijafanyiwa kazi na kuinyamazisha."

"Kuinyamazisha," alirudia Xaveri.

"Kimya kimya. Mlinzi anataka kupandisha, kile kipande kinamwambia imetosha. Hakuna anayekiona."

Xaveri aligeuka akamtazama mkewe. "Kinamfinya," alisema.

Glorious alifikiri kidogo. "Tunaweza kusema hivyo. Kinamfinya."

"Na kisipomfinya?"

"Vikipungua, au vikiwepo ila havishiki sawasawa, mlinzi hajui kukoma. Mwizi ameshaondoka yeye bado anapiga. Akikosa mwizi, anawapiga wenye nyumba. Viungo vya mama ndio wenye nyumba."

"Anamfukuza hata mkwe," alisema Mzee Cuthbert kwa sauti yake ya chini, na mtu fulani kule jikoni akacheka mpaka mfuniko ukaanguka.

Xaveri aliipokea kejeli ile. Alistahili. "Kwa hiyo kinga yake si kubwa," alisema.

"Si ukubwa, baba. Ni kelele zisizokuwa na wa kuzinyamazisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wetu wenyewe hautamponya mama leo, nisikudanganye. Bado tunatafuta ni vipande gani vimeharibika kwa wagonjwa wa ugonjwa huu, na kwa nini. Lakini dawa za kutuliza zipo. Alipewa. Anazimeza?"

Hapo sebule nzima, pamoja na mbasa mezani, ilimgeukia Xaveri. Alipitisha mkono shingoni, akavuta uzi, rozari ikatoka pamoja na ufunguo. Akautenga ufunguo, akanyoosha mkono kumpa Walburga, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuushika. Akainuka, akamvisha mwenyewe.

"Ziko kwenye kasha," alisema. "Nilidhani namlinda."

Mzee Cuthbert alikula kipande cha samaki polepole, akatoa miiba yote, ndipo akazungumza.

"Posa siikatai. Kijana wenu nampenda. Siikubali pia. Siwezi kumpeleka mtoto kwenye nyumba yenye mdomo usio na wa kuushika. Mrudisheni mama hospitali, wampime kwanza, wamwanzishie dawa upya kama inavyotakiwa. Siku atakapoweza kukufinya mbele ya macho yangu, nitatoa jibu." Akamsogezea Xaveri sahani. "Kula, samaki hana kosa."

Watu wamewahi kuwekewa masharti mengi ya posa, ng'ombe, mablanketi, majembe. Sharti la kufinywa halijawahi kusikika, wala Kingerikiti wala Mbinga. Pankras alilisimulia kila kilabu alichopita.

Xaveri akawa mtu mwingine. Daktari mwenye miwani aliwapokea bila lawama, akapima, akasema dawa hii haina haraka, mzee asitegemee kitu kabla ya miezi. Basi kila Jumapili baada ya misa kidonge kilimezwa, Xaveri akishuhudia kwa uchaji kama vile yuko bado kanisani. Siku ya kupima damu ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda gari. Glorious alipokuja tena na kisanduku chake alipokelewa kwa kuku, na Xaveri akajitolea na yeye atolewe damu ili ilinganishwe na ya mgonjwa. Ilielezwa kwamba wanatafuta mtu mwenye kinga tulivu. Alipoona sindano alizimia, wakakubaliana kwamba utulivu anao.

Machi ilipofika, wakati wa ngoro, alichukua jembe la Walburga akaingia shambani. Mwanaume kuchimba ngoro. Walikuja kumtazama hata watu wasiokuwa na njia huko. Mashimo yake yalikuwa yamepinda kama njia ya mlevi, na kila aliyepita alisimama kutoa ushauri. Zamani angewajibu mpaka wajute kuzaliwa. Sasa alifuta jasho, akainama. Hakuwa na raha ya kujibu. Alikuwa amegundua kwamba neno lisilo na mtu wa kulikata lina woga ndani yake, hujui litaishia wapi.

Na kila asubuhi, kabla ya uji, alikaa karibu na mkewe akainua shati. "Jaribu."

Walburga alijaribu. Aprili hakukuwa na kitu. Mei vidole vilikuwa vimeshuka kidogo, vikashika kikombe, lakini kufinya bado. Asubuhi moja Xaveri aliruka akipiga kelele za furaha, akamwita Pankras kupitia ua aje aone. Ilikuwa siafu.

Usidhani Walburga alikuwa anacheka siku zote. Siku nyingine alikaa akitazama vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo vilikwishapinda, na daktari alisema havitanyooka. Vilipinda katika ile miezi ya mlonge na asali. Xaveri alijua. Alikaa karibu naye, na hakupata la kusema, yeye aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu.

Julai, kahawa nyekundu imejaa vikapuni, Mzee Cuthbert alipanda Maguu na mkewe na kapu la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, amevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi. Wazee walijaa sebuleni kwa Xaveri kuliko siku ya Pasaka. Hata katekista alikuja, na katibu wa ushirika.

"Haya," alisema Mzee Cuthbert baada ya chai. "Tuone."

Xaveri akakwama. Kufinywa kunahitaji kosa, na yeye alikuwa amekaa miezi bila kukosea. Walburga alikuwa ubavuni, macho mbele. Watu wakasubiri. Xaveri akajiinua kidogo.

"Mimi ninachojua," alisema kwa woga. Mdomo ulikuwa na kutu. "Mimi ninachojua, watu wa ziwani ni watu wazuri." Hilo halikufaa. Akajikaza. "Ila wanasubiri chakula kije chenyewe kikiogelea."

Mke wa Mzee Cuthbert aliweka kikombe chini. Ubavu wa Xaveri ulikuwa kimya. Akaongeza kidogo, na kutu ikaanza kutoka. Akasema kuhusu wavuvi wanaorudi mikono mitupu wakilaumu upepo. Akasema kuhusu makoti mawili. Akasema kwamba Waanglikana wana nyimbo nzuri lakini wanaziimba kama wamekopeshwa. Katekista alicheka, naye akageukiwa, habari ya mbuzi ikarudi. Ilikuwa hotuba ya hatari, na tangu alipoianza Pankras hakuwa amefumbua macho. Uso wa Mzee Cuthbert ulizidi kuwa mgumu. Na ubavu ulikuwa kimya.

Xaveri akaendelea kwa sababu hakujua namna ya kukoma, lakini moyo ulikuwa umeshaanguka. Haiwezekani, alijiambia. Vidole havitaki. Nimeviharibu, nimemharibia mtoto, na sasa nawatukana watu bure. Sauti ikaanza kumkatika.

"Na mimi ninachojua—"

Vidole viwili vikapenya chini ya koti, vikaipata ile nyama, vikaifinya na kuizungusha.

Xaveri alipiga ukunga uliosikika hadi kwa kuku wa Pankras. Kisha akakaa chini na kulia mbele ya watu wote, mikono magotini, machozi yanashuka bila hata kufutwa. Mzee Cuthbert alisimama, akamwomba ainue shati, akainama na kuangalia alama ile nyekundu kwa makini, vile anavyoangalia mashavu ya samaki kujua kama ni wa leo.

"Ni kweli," alisema. "Mleteni kijana tuongee mambo ya harusi."

Vigelegele vikapigwa, chai ikabadilishwa kuwa kitu kingine, na katikati ya makelele yale Xaveri alimwinamia mkewe.

"Mama Joakim, mbona ulichelewa vile? Nilikuwa nimeshakata tamaa."

Walburga alikuwa ametazama mbele, anasugua vidole vyake polepole.

"Miezi yote hii hukusema kitu," alisema. "Nilitaka kukusikia kidogo."

Xaveri alikuwa na mengi ya kumjibu, na yote yalimjaa mdomoni. Akanyamaza mwenyewe, akausogeza ubavu karibu naye.